Nilivyofundisha madhara ya Kimbunga Katrina kwa picha na projekta

Ninafundisha Jiografia katika shule ya sekondari ya kutwa mkoani Lindi. Katika mada ya majanga ya asili, wanafunzi wangu walikuwa wakiandika vizuri kwamba kimbunga huharibu nyumba, barabara na mazao, lakini ukiwauliza ni kitu gani hasa kilichoibomoa nyumba, jibu lilikuwa moja tu: upepo. Nilitaka waelewe kwamba mara nyingi maji huua na kubomoa zaidi kuliko upepo, na kwamba kila kisababishi huacha alama ambazo mtu makini anaweza kuzisoma. Ndiyo maana nikaamua kufundisha kwa picha, nikachagua Kimbunga Katrina kilichopiga pwani ya kusini ya Marekani tarehe 29 Agosti 2005.

Sikuchagua Katrina kwa umaarufu wake. Taasisi za serikali ya Marekani zinazoshughulikia bahari, hali ya hewa na jiolojia zilirusha ndege juu ya pwani iliyoathirika mara baada ya dhoruba, na picha zake zinapatikana bure kwa yeyote. Nyingine zimepangwa mbilimbili, eneo lilelile kabla na baada, na kwa mwalimu hakuna kitu chenye thamani zaidi ya hicho. Kwa kuwa intaneti ya shuleni ni dhaifu, nilizipakua nyumbani usiku kwa kishikwambi changu, nikazihamishia kwenye kompyuta mpakato, kisha nikachapisha chache kwa tahadhari ya umeme kukatika.

Somo nililianzia pwani ya jimbo la Mississippi. Kwenye ukuta niliweka picha mbili: ya kwanza inaonyesha safu ya nyumba zinazotazama bahari, ya pili inaonyesha sakafu tupu za zege mahali palepale. Niliweka sharti kwamba kwa dakika za mwanzo kila mtu ataje anachokiona tu, bila kueleza sababu. Wanafunzi wakataja sakafu, ngazi zisizoelekea popote, na miti mikubwa ambayo bado ilikuwa imesimama. Hapo msichana mmoja akauliza, “Mwalimu, upepo ungewezaje kuzoa nyumba ukaacha miti?” Niliwatahadharisha kwamba ushahidi huo peke yake hautoshi, kwa sababu mialoni ya pwani ile ina mizizi mipana na huhimili upepo mkali. Tukatafuta ushahidi wa pili, nao tuliupata mbali kidogo na ufuo: mabaki ya mbao na mapaa yalikuwa yamelundikana katika mstari mmoja mrefu. Upepo hutawanya, maji ndiyo husukuma uchafu na kuupanga pale yalipoishia.

Baada ya wao wenyewe kufika hapo, takwimu zilipata maana. Kimbunga kilipoingia nchi kavu upepo wake ulikuwa na kasi ya takribani kilomita 205 kwa saa, lakini karibu na mji wa Pass Christian bahari ilipanda zaidi ya meta 8 juu ya kawaida yake. Niliwakumbusha kuwa meta moja ya ujazo ya maji ina uzito wa tani nzima, nikawaonyesha matishari makubwa, yaani vyombo bapa vinavyoelea, yaliyobeba kasino yakiwa yametupwa nchi kavu.

Kisha tukahamia jiji la New Orleans, ambako alama ni tofauti kabisa. Nyumba nyingi zimesimama na mapaa yake, ila kuta zina mistari ya kahawia iliyonyooka. Niliwaambia wachukue mlango kuwa kipimo, kwa kuwa milango mingi ina urefu wa meta 2 hivi, wakakadiria kina cha maji kwa kuchora juu ya picha. Mstari ulionyooka unaonyesha maji yaliyotulia kwa muda mrefu, na kweli maji yalikaa mjini kwa wiki kadhaa. Hata hivyo, katika mtaa wa Lower Ninth Ward, karibu na mahali ukuta wa mfereji ulipovunjika, nyumba zilisukumwa kutoka kwenye misingi yake, maana hapo maji yaliingia kwa kishindo. Asilimia 80 hivi ya jiji ilifurika, na sababu kuu ilikuwa kushindwa kwa kuta na matuta ya kuzuia maji. Mwaka 2006 Kikosi cha Wahandisi cha Jeshi la Marekani kilikiri kuwa usanifu wake wa kuta na matuta hayo ulikuwa na kasoro. Darasa lilijadili kwa ukali kama janga la namna hiyo bado linastahili kuitwa la asili, na mimi naamini huo ndio mjadala ambao mada hii inauhitaji.

Picha za maiti sikuonyesha, na sitaonyesha. Badala yake nilionyesha alama ya X ambayo waokoaji waliipaka kwenye nyumba: kushoto kikosi kilichopekua, juu tarehe, kulia hatari zilizomo, chini idadi ya watu waliokutwa. Wanafunzi walielewa uzito wa tarakimu ile ya chini bila maelezo yangu. Walimu wenzangu wazingatie kwamba vitabu vingi hutaja vifo 1,833, lakini Kituo cha Taifa cha Vimbunga cha Marekani kilirekebisha hesabu hiyo kuwa 1,392 mwaka 2023.

Jambo jingine nililolisisitiza ni mipaka ya picha zenyewe. Ukiitazama kutoka angani, nyumba yenye paa huonekana nzima hata kama maji yaliijaza hadi dirishani. Kwa hiyo kila picha ya angani niliiambatanisha na picha ya chini ya mtaa uleule, ili wajifunze kutotoa hukumu kwa chanzo kimoja.

Wanafunzi waliuliza kuhusu kwetu, na swali lao lilikuwa halali: kimbunga kiliipiga Lindi mwezi Aprili 1952, Kimbunga Kenneth kilitua Cabo Delgado, mkoa jirani wa Msumbiji, tarehe 25 Aprili 2019, na Hidaya kilifika pwani yetu Mei 2024. Tulitumia pia picha za rada za setilaiti za Ulaya zilizopigwa Beira, Msumbiji, baada ya Kimbunga Idai mwaka 2019. Rada hupenya mawingu, na maji yaliyotulia huonekana meusi, hivyo walilipima eneo lililofurika kwa miraba ya karatasi.

Katika kutafuta picha za ufuo wetu za kuziweka upande wa “kabla”, tuligundua kwamba tulikuwa nazo chache mno. Sasa wanafunzi huipiga picha pwani yetu kwa kishikwambi kutoka sehemu zilezile tulizozichagua, nasi tunazihifadhi kwenye kompyuta ya shule na nakala kwenye flashi, kila moja ikiwa na tarehe, mahali, na upande ambao mpigaji alielekea.