Nilivyoirudishia sura Honda ya ami, hapa Malindi

Honda CG125 ya ami yangu haikuwa na ugonjwa wa injini. Aina hii ilianza kutengenezwa mwaka 1976, na injini yake ya fimbo zinazosukuma vali iliundwa kwa ajili ya nchi ambako pikipiki hubebeshwa mizigo na oili huchelewa kubadilishwa. Kilichoichakaza ni upepo wa bahari. Ami aliiendesha miaka mingi kwenda kazini Mambrui, na jioni ililala uani bila turubai. Alipostaafu alinikabidhi funguo akaniambia, "Chukua, mwanangu. Ila nyekundu yake usiigeuze."

Kuifungua hakukuwa na maajabu. Nilipiga picha kila kona, nati nikazigawa kwenye makopo, na skurubu zilizogandishwa na chumvi nikazipaka mafuta ya kupenya zikalala nayo.

Kazi yenyewe ilikuwa tangi. Ndani lilikuwa na kutu ya kumomonyoka, basi nikaziba matundu, nikajaza siki nyeupe pamoja na konzi ya nati kuukuu, nikawa nalitikisa kila nikipita. Siki ikatoka rangi ya chai. Nikasuuza kwa maji yenye magadi, yale ya kupikia maharagwe, ili kuua ukali wa siki, kisha maji matupu. Lilipokauka tu juani nikazungusha ndani petroli yenye oili kidogo. Hapa hupaswi kwenda kula kwanza: chuma kilichotoka kwenye siki huanza kupata kutu ukikitazama.

Nje nilikwangua kwa msasa namba 80 mpaka bati likaonekana, nikalainisha kwa 240, halafu 400. Kuosha kabla ya praima, ile rangi ya kwanza ya kushikiza, ndiko ninakokusisitiza kwa yeyote anayekaa pwani. Visima vingi mtaani kwetu vina maji ya chumvi. Ukioshea hayo, chumvi hubaki kwenye bati, nayo huvuta unyevu hata ikiwa chini ya rangi. Baada ya muda rangi huvimba malengelenge na kutu hutokea katikati yake. Nilitumia maji ya mfereji, yanayotoka Baricho kwenye mto Sabaki, nikafuta kwa kitambaa chenye thina, na praima ikapanda siku ileile.

Nilisubiri kaskazi. Wakati wa kusi na mvua zake hewa huwa nzito. Thina ikiruka hupoza bati, umande hushika, na rangi hutoka na ukungu mweupe kama maziwa. Hata kwenye kaskazi sikupuliza alfajiri. Niliacha jua lipande, nikatundika shuka barazani kuzuia vumbi, nikapiga mikono myembamba, kila mmoja ukikauka ndipo nikaongeza mwingine. Rangi nene huchuruzika.

Klia, ile rangi angavu ya juu inayolinda, nilimpelekea fundi wa rangi za magari, maana rangi ya kopo ikimwagikiwa petroli huyeyuka. Hufaa klia ya kuchanganywa na hadna, dawa ya kuigandisha. Mvuke wake una sumu ya mapafu, na yeye ana barakoa inayostahili. Alilishika tangi, akapitisha kiganja chini kwenye maungio, akasema, "Kaka, hapa chini umepasahau." Ni kweli palikuwa panakwaruza. Tukapasugua kwa maji na msasa namba 800 kabla hajawasha kompresa.

Madigadi za krome nilizisugua kwa foili ya jikoni iliyochovywa majini. Aluminiamu ni laini kuliko krome, kwa hiyo huondoa madoa ya kutu bila kuchuna. Palipoliwa hadi chini pamebaki vishimo, na nimeviacha. Sioni haja ya kupaka rangi ya fedha juu ya krome halisi, ni kuificha pikipiki badala ya kuitengeneza. Siti alishona fundi viti kwa reksini nyeusi, sponji mpya ndani. Raba za miguu na waya za breki zilipatikana dukani kirahisi, kwa sababu pikipiki nyingi za Kichina zimefuata mtindo wa CG.

Nyekundu ni ileile. Sasa nikirudi kutoka barabara ya ufuoni naimwagia maji ya mfereji, naikausha, halafu napitisha kitambaa chenye oili kwenye spoki, hasa pale zinapoingia kwenye rimu, maana kutu huanzia hapo.