Kila tani ya hewa ukaa ina barafu yake

Lita moja ya petroli ikiungua hutoa takriban kilo 2.3 za kaboni dioksaidi, yaani hewa ukaa. Lita 430 hivi zinatimiza tani moja. Na kila tani hupunguza barafu ya bahari ya Aktiki, eneo la Ncha ya Kaskazini, kwa takriban mita 3 za mraba mwezi Septemba, wakati barafu hiyo inapokuwa chache kuliko miezi mingine yote. Hesabu hii waliitoa wanasayansi Dirk Notz na Julienne Stroeve mwaka 2016. Walipolinganisha jumla ya hewa ukaa iliyotolewa na eneo la barafu kwa miongo kadhaa, vipimo vilijipanga karibu na mstari mnyoofu.

Mstari huo unatokana na kinachotendeka ukingoni mwa barafu. Hewa ukaa ikiongezeka angani, joto linalorudishwa chini nalo huongezeka. Barafu ya ukingoni huyeyuka, na ukingo husogea kaskazini hadi mahali ambapo jua ni hafifu kiasi cha kufidia nyongeza hiyo. Vipimo vya hewa ukaa vilipoanza Mauna Loa, mlima wa Hawaii, mwaka 1958, hewa ukaa ilikuwa takriban sehemu 315 katika kila sehemu milioni za hewa. Leo imepita 420.

Kinachofuata huongezea hasara. Barafu iliyofunikwa na theluji mpya huakisi zaidi ya asilimia 80 ya mwanga wa jua, ilhali maji ya bahari huakisi chini ya asilimia 10. Madimbwi ya maji yaliyoyeyuka juu ya barafu nayo huifanya iwe nyeusi zaidi, hata kabla haijapasuka. Bahari iliyokaa wazi kiangazi kizima huwa imehifadhi joto, na maji ya chumvi hayagandi mpaka yashuke hadi nyuzi -1.8, kwa hiyo kuganda huchelewa.

Wengi hukosea katika kusoma takwimu. Setilaiti huhesabu kipande cha bahari kuwa na barafu pale asilimia 15 tu yake inapofunikwa. Tena eneo halisemi lolote kuhusu unene: barafu iliyodumu miaka kadhaa hufikia mita 3 hadi 4, ya msimu mmoja kwa kawaida haizidi mita 2. Septemba 2012 eneo lilishuka hadi kilomita za mraba milioni 3.4, na lilipopanda mwaka uliofuata wapo waliotangaza kwamba barafu imepona. Haikupona. Barafu nyembamba hunenepa haraka wakati wa baridi, kwa kuwa haizuii sana joto la bahari kutoka. Ile nene hunenepa polepole. Ndiyo maana mwaka mmoja mzuri si ushahidi wa kitu.

Kanuni ya mita 3 msiipeleke Antaktika. Huko barafu imezunguka bara na kuelekea bahari wazi, na pepo na mikondo ina nguvu kubwa juu yake. Iliongezeka kidogo hadi 2014, ikaporomoka 2016, na Februari 2023 ikashuka chini ya kilomita za mraba milioni 1.8.

Kwa Aktiki, hesabu inabaki nyepesi: tani bilioni 40 za hewa ukaa zinazotolewa duniani kwa mwaka ni kilomita za mraba 120,000 za barafu ya Septemba. Eneo likishuka chini ya kilomita za mraba milioni 1, wanasayansi huihesabu bahari hiyo kuwa haina barafu.