Jiko la Kuni Nililolitengeneza kwa Debe la Rangi

Nyumba ninayopanga Tukuyu, wilayani Rungwe, ina ua mmoja unaotumiwa na familia nne, na mwenye nyumba alikwisha kutuonya kwamba hataki kuona mafiga yamechimbiwa uani wala ukuta wake umepakwa masizi. Mvua ya huku nayo haibishi hodi. Unaweza kubandika maharage jua likiwaka na kuyaepua ukiwa umelowa. Kwa muda mrefu nilipikia mkaa, ambao bei yake ilikuwa ikipanda kila msimu, ilhali matawi ya miparachichi yaliyopogolewa yalikuwa yakioza bure nyuma ya nyumba. Nilihitaji jiko la kuni ambalo mtu mmoja angeweza kulibeba hadi chini ya upenu mvua inapoanza, lisilowafukiza majirani, na ambalo gharama yake isingezidi bei ya gunia moja la mkaa.

Nilikuwa nimewahi kuona majiko banifu ya aina inayoitwa jiko la roketi, ambayo kanuni zake zilipangwa katika miaka ya 1980 na Dkt. Larry Winiarski wa Kituo cha Utafiti cha Aprovecho, katika jimbo la Oregon nchini Marekani. Umbo lake ni bomba lililopinda kama herufi L: kuni huingizwa kwenye mdomo wa ubavuni, moto huwaka kwenye kiwiko, na miale hupanda katika dohani fupi hadi kwenye kitako cha sufuria. Dohani ikiwa ya moto sana, moshi huungulia humo humo kabla haujatoka, na hewa ya moto inapopanda huvuta hewa mpya kutoka chini bila mtu kupuliza. Nilidhani kwamba nikishaelewa hayo kazi imekwisha, kumbe ndiyo ilikuwa inaanza.

Debe nilipewa na mchora mabango wa mjini: lilikuwa la bati jeusi la chuma, la lita 20, lenye kimo cha sentimita 38 na upana wa sentimita 29. Kabla ya kulikata nililiwashia moto wa majani makavu ndani, mbali na nyumba, nikasimama upande unakotoka upepo hadi mabaki yote ya rangi yalipoungua na kubanduka. Moto huo niliuwasha kwa kuwa debe lilikuwa limekaa wazi juani miezi mingi na halikuwa na harufu yoyote ya kimiminika kinachowaka. Chombo kilichofungwa, au kilichowahi kubeba petroli au thina, hakipaswi kuguswa kwa moto wala kwa grenda, kwa sababu mvuke uliobaki ndani unaweza kulipuka. Vilevile nilikataa mabaki ya bati la kuezekea niliyopewa na jirani kwa nia njema, kwa kuwa limepakwa zinki, na zinki ikipata joto kali hutoa mafusho yanayomletea mtu homa na kifua kubana. Mafundi wa kuchomelea hunywa maziwa wakiamini kwamba huondoa sumu hiyo. Mimi niliona ni rahisi zaidi kuliacha bati lenyewe.

Jiko la kwanza lilikuwa na bomba la ndani lililoungwa kwa makopo matatu ya maziwa ya unga, na nafasi yote kati ya makopo na debe niliijaza udongo mwekundu niliouchimba uani. Lilikuwa zuri kulitazama. Lakini lilikuwa na uzito unaozidi kilo 25, kwa hiyo neno "kubebeka" lilikuwa la mzaha, na kila asubuhi lilinitaka nisubiri kwa muda mrefu kabla chai haijaanza hata kuvuma. Sababu ilinichukua siku kadhaa kuitambua. Udongo mzito hauzuii joto, bali hulinywa: moto ulikuwa ukipasha kwanza kilo ishirini za udongo, na sufuria ikabaki ya mwisho katika foleni, huku dohani ikiwa baridi kiasi cha kushindwa kuunguza moshi wake. Kabla mwezi wa pili haujaisha, kopo la kwenye kiwiko likatoboka na udongo ukaanza kumwagikia motoni.

Kilichotakiwa pale ni kitu chepesi chenye vitundu vingi vya hewa, na Rungwe imejaliwa hicho kuliko sehemu nyingi za nchi. Milima yetu ni ya volkano, na kwenye kingo za barabara zilizochongwa huonekana tabaka la vijiwe vyeupe au vya kijivu ambavyo ukivitupa majini vinaelea. Nilikusanya mifuko miwili, nikavianika hadi vikakauka kabisa, nikavichekecha kwa wavu wa banda la kuku ili vibaki vya ukubwa wa punje ya hindi hadi ya kunde, kisha nikavichanganya na majivu makavu yaliyochujwa. Kwa wasio na vijiwe hivyo, majivu matupu yanafaa pia, ingawa hushuka kadiri siku zinavyokwenda na hulazimu kuongezwa.

Bomba nilikwenda kulitafuta kwa fundi wa eksozi, ambaye alikuwa na kipande cha eksozi ya lori chenye kipenyo cha sentimita 10, cha chuma kinene kuliko kopo lolote. Alinikatia vipande viwili na kuvichomelea kwa pembe mraba: dohani ya sentimita 30, ambayo ni mara tatu ya kipenyo chake, na mdomo wa sentimita 15. Alipoambiwa ni jiko alicheka, akasema, "Mwalimu, hili litakunywa kuni kama lori lenyewe lilivyokunywa dizeli."

Tundu la ubavuni nililichora kwa kuuzungushia mdomo wa bomba chaki, sentimita tatu juu ya kitako cha debe, nikalikata kwa tindo na nyundo huku nimeweka gogo ndani ili bati lisibonyee. Kosa dogo hapa ni kukata mstari wenyewe. Mimi nilikata ndani ya mstari kwa nusu sentimita, nikachana vijimeno na kuvikunja kwa koleo kuelekea nje, vikalikumbatia bomba bila kuhitaji kuchomelea. Glavu za ngozi si anasa katika kazi hii; kovu lililo kwenye kidole gumba changu cha kushoto lilitokana na dakika mbili za kujiona hodari. Bomba lilipokaa wima nilimimina mchanganyiko wangu kidogo kidogo, nikiligongagonga debe ili ushuke usiache uwazi, kisha nikafunika juu kwa mfuniko wa debe lile lile nilioutoboa katikati. Mpini niliutengeneza kwa nondo ya milimita 6 na kuupitisha kwenye masikio ya debe. Jiko zima lilikuwa na uzito wa kilo 13 hivi.

Moto wa kwanza ulinivunja moyo, kwa sababu moshi ulirudi na kutokea mdomoni. Makosa yalikuwa mawili. La kwanza, nilikuwa nimeweka kuni chini kabisa ya bomba, zikaziba njia ya hewa. Nilikata kipande cha bati nene, nikakiingiza mdomoni kama kichanja, kikiacha uwazi wa sentimita tatu na nusu chini yake. Kuni zikalala juu, hewa ikapita chini na kuukuta moto kwenye ncha za kuni. La pili lilihitaji kalamu na karatasi. Sufuria nilikuwa nimeiinua kwa vichwa vya misumari, sentimita moja tu juu ya dohani, nikiamini kwamba kadiri inavyokaribia moto ndivyo inavyopata joto zaidi. Lakini mduara wenye kipenyo cha sentimita 10 una eneo la sentimita za mraba 78.5, na mzingo wake ni sentimita 31.4. Kwa hiyo, ili hewa inayotoka pembeni isibanwe kuliko ile inayopanda, uwazi chini ya sufuria unapaswa kuwa 78.5 ikigawanywa kwa 31.4, yaani sentimita 2.5, ambayo ni robo ya kipenyo. Nilikunja vipande vitatu vya nondo kwa kimo hicho, nikabandika sufuria, na jiko likaanza kunguruma kama linavyoitwa.

Baadaye niliongeza ukanda wa bati unaoizunguka sufuria kwa mwanya wa sentimita moja, ili hewa ya moto ipande ikiambaa ubavuni badala ya kupotea. Lita mbili za maji zilizokuwa zikinichukua dakika 18 kwenye mafiga ya jirani zilichemka kwa dakika 11, kwa vijiti vitano visivyozidi unene wa kidole gumba. Sharti ni ukavu wa kuni. Tawi la mparachichi lililokatwa jana hulitia jiko hili moshi kama jiko jingine lolote, kwa hiyo huyapasua matawi na kuyatundika chini ya paa kwa miezi miwili au mitatu. Upungufu mwingine ni kwamba haliachiki lenyewe: vijiti husukumwa ndani kila baada ya dakika chache, na anayepika makande huku akisahihisha madaftari hukuta moto umezimika. Na hata likiwaka bila moshi unaoonekana, hutoa gesi ya sumu ya kaboni monoksidi, ndiyo maana sijalipikia chumbani hata usiku wa baridi kali.

Mwenye nyumba alilizunguka mara mbili, akapitisha kidole ukutani, akaondoka bila neno. Wiki iliyofuata alimtuma mjukuu wake aniletee debe tupu la rangi. Lake limekamilika. Langu, baada ya miezi kumi na minne, limeliwa na moto kwenye kiwiko hadi chuma kinabonyea kwa bisibisi, na nilipokwenda kwa fundi wa eksozi kutafuta kipande kingine nilikuta bei imepanda mara mbili, kwa kuwa sasa anajua kazi yake.