Shimo Lilisema Sawa

Nimerudi jioni hii bila kuushuka kwa skii ule mteremko wa theluji nilioutamani wiki nzima, na bado nina kinyongo kidogo.

Taarifa ya asubuhi ilitaja hatari ya maporomoko ya theluji ngazi ya 3 kati ya 5. Ngazi hiyo ndiyo hunitia majaribuni. Ikiwa 4 au 5, sitoki. Ikiwa 3, naachiwa niamue mwenyewe, na mwenye hamu huamua kwa hamu yake.

Tukachimba shimo kwenye theluji, tuone kama tabaka zake zimeshikamana. Kama sentimita 50 chini tulikuta mstari mwembamba wa kijivu: fuwele za jalidi, zile zinazoota juu ya theluji usiku wa mbingu safi. Zikiwa juu hupendeza kama manyoya ya ndege. Zikishafukiwa hazishikamani vizuri na kitu. Tukakata nguzo ya theluji ya kujaribia kama mstari ule utavunjika, upana sentimita 90, na 30 kutoka mbele hadi nyuma. Nikalaza koleo upande mmoja, nikagonga mara 10 kwa kukunja kiganja, 10 kuanzia kwenye kiwiko, 10 begani. Haikuvunjika. Nilifurahi kuliko ilivyostahili. Mwenzangu hakusema kitu. Alikuwa akitazama theluji iliyorundikwa na upepo kule juu, chini kidogo ya ukingo.

Nikapima mteremko kwa mbali: nyuzi 37. Mabamba ya theluji hukatika zaidi kati ya nyuzi 30 na 45, kwa hiyo tulikuwa katikati kabisa ya balaa. Nikajiambia, shimo limesema sawa. Sikujiuliza tumelichimba wapi. Tulilichimba pembeni, palipokuwa rahisi, mbali na lile rundo la upepo.

Hatua mia hivi mbele, tukiwa bado kwenye tambarare, theluji ikatoa mngurumo mzito, ikadidimia chini yetu kama mtu anayeshusha pumzi. Ufa ukakimbia mbele ya skii zangu. Tabaka lile lilikuwa limekubali kuvunjika, tena bila kugongwa na koleo.

“Tugeuke,” mwenzangu akasema.

Sikubisha. Tukashukia msituni, mteremko mpole wa nyuzi 20, theluji nzito inayochosha mapaja. Vifaa vya kutafutana vifuani, koleo mgongoni, vyote vya kumfukua aliyekwisha kuzikwa.

Kinachonikera ni kwamba kabla ya mngurumo ule nilikuwa nimeshachagua mahali pa kupiga kona yangu ya kwanza.