Kompyuta ya steshenari ilivyoacha kuganda

Wiki nzima kompyuta ya steshenari yetu hapa Mwenge iliganda kila mteja akileta CV kwenye flashi. Taa ya diski inawaka bila kupumzika, mausi haisogei. Dada wa kaunta akataka tupige Windows upya. Nikamwambia, "Subiri kwanza dada, tuangalie."

Nikabonyeza Ctrl+Shift+Esc, likafunguka dirisha la Task Manager linaloonyesha mashine inatumia nini. Prosesa asilimia 9 tu. RAM, yaani kumbukumbu ya muda ya kompyuta, ni ya GB 4 na imejaa asilimia 96. Tatizo ni hapo. RAM ikijaa, mfumo endeshi (kama Windows) huhamishia kwenye faili la diski zile kurasa, yaani vipande vya kumbukumbu, ambazo hazijaguswa karibuni, kisha huzirudisha zikihitajika. Diski ya kuzunguka ni ya polepole mno kuliko RAM, kwa hiyo mashine inashinda ikipeleka na kurudisha, kazi ya mteja imesimama. Natamani sana hili lieleweke, maana watu wanapiga Windows bure na kupoteza mafaili yao.

Nilizima programu zinazojiwasha zenyewe. RAM ikashuka hadi asilimia 60 hivi. Jioni nikaenda Kariakoo na kile kipande cha zamani cha RAM mkononi, nikanunua kingine cha aina ya DDR3 kinachofanana nacho, GB 4, nikavipachika vyote viwili. Jana tumechapa CV 31, haijaganda hata mara moja.