Mwongozo wa Nani?

Usiku mmoja mwaka 2017, nikiwa chumbani kwangu Sinza na bando la kuungaunga, nilikuwa nahariri faili za mipangilio ya nginx, programu inayopokea wageni wa tovuti, kwenye seva ya mteja iliyokuwa Ujerumani. Kwa mtandao ule, kuandika kupitia ssh, njia ya kuingia kwenye seva ukiwa mbali, kulikuwa mateso: unabonyeza herufi, halafu unaisubiri kama unavyosubiri chenji kwa konda. Kwa hiyo nilitumia Emacs, programu ya kuhariri maandishi, pamoja na Tramp, sehemu yake inayofungua faili za seva ya mbali. Unaandika `/ssh:seva:/usr/local/etc/nginx/`, faili inakuja kwako, ukiihifadhi inarudi ilikotoka. Ukizoea, unasahau kabisa kwamba uko Sinza.

Kazi yenyewe ilikuwa ndogo: namba ya mlango (port) wa programu ya mteja, 8080, iwe 8081 kwenye faili 11. Nikiwa ndani ya folda ya seva nikaita `M-x man`, amri ya Emacs ya kufungua miongozo, nikaandika sed, programu ya kubadilisha maneno ndani ya faili. Mwongozo ukafunguka: baada ya `-i` (yaani badilisha faili yenyewe) weka kiambishi cha jina la nakala ya akiba ukitaka, usipotaka acha. Basi nikaingia kwenye seva, nikapiga `sed -i -e 's/8080/8081/' *`, nikaiambia nginx isome upya.

Ikagoma. `a duplicate default server for 0.0.0.0:80`, yaani imekuta seva ya msingi imetajwa mara mbili. Na mtu wa programu upande wa mteja alishaizima ile ya 8080, kwa hiyo kila aliyefungua duka la mteja mtandaoni alikutana na 502, hitilafu ya nginx kukosa jibu sahihi kutoka kwenye programu iliyo nyuma yake.

Nikampigia kaka aliyenifundisha kazi. Akaniambia nimsomee majina ya faili. Kila moja ilikuwa na pacha: `duka` na `duka-e`, `risiti` na `risiti-e`. Akacheka.

"Ulisoma mwongozo, mdogo wangu?"

"Nimesoma, kaka. Ninao hapa mbele yangu."

"Wa nani?"

Laptopu yangu ilikuwa Linux, seva ilikuwa FreeBSD, mifumo miwili tofauti ya kuendesha kompyuta. Sed ya kule inadai kiambishi baada ya `-i`, hata kama ni kitupu. Ilipokuta `-e`, ikaichukua kuwa kiambishi, ndiyo maana kila faili ikapata nakala ya akiba yenye `-e` mwishoni. Na Emacs yangu ya wakati ule, ukiita `M-x man`, ilisoma miongozo ya laptopu hata kama faili uliyoifungua iko Ujerumani. Nilikuwa nimemuuliza mtu wa Tanga njia za Mbeya.

"Bonyeza `M-!` hapo hapo kwenye folda ya seva," akasema, "uandike `man sed | col -b`." Amri ikaenda kufanya kazi kule, jibu likaja kwenye dirisha langu. Nikashuka hadi mstari wa mwisho: FreeBSD.

Nikafuta mapacha wote, duka likarudi. Ikabaki ile `include wateja/*` niliyoiandika mwenyewe kwenye mipangilio ya nginx, iliyozoa kila faili iliyokuwemo kwenye folda, hata mapacha. Nikaiwekea `*.conf` isome zenye mwisho huo tu, kisha nikabadilisha majina ya faili zote 11 kwa mkono, moja moja. Sed sikuigusa tena usiku ule.