Kuomba Kidokezo

Somo la wiki: Yakobo 1:5-8

Bwana asifiwe, wapendwa. Wiki hii tunasoma habari ya kuomba hekima, na mfano wetu ni mchezo ambao vikundi vya vijana vimeupenda: chumba cha mafumbo, hasa kile kilichopambwa kama ngome ya Zama za Kati.

Kwa asiyeufahamu: mnaingia watu wanne hadi sita, mlango unafungwa, saa inahesabu dakika 60 kurudi nyuma. Ndani mna makasha, ngao ukutani, mishumaa ya betri na barua zenye lakiri. Fumbo moja hutoa namba, neno au ufunguo wa kufungulia lingine, mpaka mlango wa mwisho. Msimamizi yuko chumba cha pili, anawaona kwa kamera na kuwasikia kwa maikrofoni. (Mwenye hofu ya kufungiwa aulize mapema kitufe cha dharura kiko wapi. Kufuli za sumaku za milango hii, umeme ukikatika, huachia zenyewe.)

Vikundi vingi hukwama kwa sababu ya ukimya, wala si kwa kukosa akili. Mtu ameokota sarafu nyuma ya pazia, akaitia mfukoni, akaendelea kupekua. Kwa hiyo dakika tano za mwanzo gawaneni pembe za chumba, kila apataye kitu akitaje kwa sauti na kukiweka mezani: upande mmoja vitu vipya, upande mwingine vilivyokwisha kutumika. Ufunguo uliofungua uacheni palepale kwenye kufuli yake. Na msitumie nguvu. Kisichofunguka kwa vidole viwili zamu yake haijafika.

Ngome ina mitego yake. Ngao, kwa mfano. Katika elimu ya nembo, kuume kwa ngao ni kuume kwa aliyeibeba, basi kwako wewe uliyesimama mbele yake huo ni mkono wa kushoto. Barua ikisema anzeni na simba wa kuume, wengi huanza upande usio wake, wanapata namba zilezile kwa mpangilio wa kinyume, kisha wanailaumu kufuli. Maandishi ya siri nayo yana la kwake. Alfabeti ya Kilatini waliyoitumia makarani wa zamani ilikuwa na herufi 23, bila J, U wala W. Ukiambiwa sogeza herufi tatu mbele, I inatua kwenye M. Ukihesabu kwa alfabeti ya Kiingereza ya leo inatua kwenye L, na neno zima linatoka takataka. Tena makarani hao walizoea kuivuta i ya mwisho ikawa j, hivyo viij ni 8 tu, wala hakuna herufi ya ziada iliyofichwa hapo.

Kufuli za namba ni jambo dogo: mkiwa na tarakimu tatu kati ya nne, iliyobaki ni majaribio kumi, msipoteze muda kuitafuta. Kufuli ya mielekeo ndiyo kisirani. Hiyo hufunguka kwa kusukuma kitufe juu, chini, kushoto au kulia kwa mpangilio, na inakumbuka kila mlichosukuma. Kabla ya kujaribu upya, upinde wake (kile chuma kilichopinda juu ya kufuli) ubonyezwe ndani mara mbili ili ufute yaliyotangulia. Msipofanya hivyo, hata jibu sahihi litakataliwa, na mtaliacha mkidhani ni kosa.

Sasa kuomba. Kanuni nzuri ni hii: dakika tano zikipita bila kitu kipya, ombeni kidokezo. Lakini kundi linaona haya. Linasubiri mpaka dakika ya 55, mafumbo matatu yakiwa bado, halafu linapiga kelele, "Tusaidie!" Ombi la namna hiyo msimamizi afanye nalo nini? Semeni mlicho nacho, mlipokijaribu na kilichotokea: "Tuna ngao nne, tumezisoma kutoka kushoto, tumepata 7, 2, 9, 4, kasha la chuma limekataa." Mara nyingi sentensi haijaisha, mmoja anasema, "Subirini kwanza, kushoto kwa nani?" Msimamizi hajafungua kinywa.

Bwana Yesu alifundisha kwamba Baba anajua tunayohitaji kabla hatujamwomba (Mathayo 6:8), na watu huuliza: basi tunaomba ya nini? Jibu moja, si lote, liko pale mbele ya kasha. Kuyataja mambo yetu waziwazi mbele zake hutufanya tusikie tulipopotoka. Maombi ya "Bwana, unajua yote" yasiyotaja lolote yanafanana sana na ile kelele ya dakika ya 55. Naye Yakobo anaongeza neno la kututoa haya: Mungu huwapa wote kwa ukarimu, wala hakemei. Msimamizi wa mchezo aliyechoka anaweza kuguna. Mungu hatuhesabii vidokezo, wala hana saa ukutani.

Yakobo hakuishia hapo. Aombaye aombe kwa imani, maana mwenye shaka ni kama wimbi la bahari, mtu wa nia mbili. Hata chumbani mtu huyo yupo. Kidokezo kimekuja: zitazameni ngao kwa macho ya aliyezibeba. Wawili wanaanza kuzisoma upya, wa tatu ameshikilia hesabu yake ya awali. Wanapofika kwenye kufuli ya mielekeo wanasukuma juu, kushoto, kushoto. Yeye anapenyeza kidole chake, anasukuma chini. Kufuli imepokea vyote vinne. Jibu lililotolewa bure limeharibika kwa mkono wa ndani ya kundi, na kwenye saa zimebaki dakika sita.

Bonyezeni upinde mara mbili. Mmoja ashike kufuli, mwingine asome mielekeo kwa sauti, wengine waondoe mikono.